Gia za nyuma zinaruka au zinachelewa: tuanze na waya na sikio la fremu kabla ya kugusa skrubu

Mwanzisha uzi (Unguja)

Assalamu alaykum, ndugu zangu waendesha baiskeli wa Unguja na Pemba.

Nimeufungua uzi huu kwa sababu swali la gia za nyuma hurudi kila masika yanapomalizika, na majibu yanayotolewa mara nyingi ni yale yale: kaza skrubu ya juu kidogo, au legeza ya chini. Ushauri huo umeziharibu baiskeli nyingi zilizokuwa na kasoro ndogo. Zile skrubu mbili zilizoandikwa H na L hazina kazi ya kuzifanya gia ziingie vizuri. Kazi yake ni kuweka mipaka, ili mnyororo usidondoke nje ya sproketi (gurudumu la meno) ndogo kabisa wala usivuke sproketi kubwa kabisa na kuingia kwenye spoku. Gia zote za katikati haziguswi na skrubu hizo hata kidogo. Mtu ambaye gia yake ya tatu inaruka, akizungusha skrubu, atabaki na gia ya tatu inayoruka, na juu ya hayo mpaka uliokuwa sawa atakuwa ameukosesha.

Ili tuelewane, naomba tuutazame kwanza mkono wa gia wenyewe, yaani ile sehemu inayoning'inia chini ya mhimili wa gurudumu la nyuma, yenye vigurudumu viwili vidogo ambavyo mnyororo hupita. Katika takriban baiskeli zote tulizonazo, mkono huo unatawaliwa na nguvu mbili zinazoshindana. Springi iliyomo ndani yake inausukuma nje, kwenye sproketi ndogo, na waya unaotoka kwenye usukani unauvuta ndani, kwenye sproketi kubwa. Unaposukuma kishikio cha gia, waya huvutwa kwa nguvu ya kidole chako, ambayo inaweza kuushinda ukinzani mwingi. Unapoachia, hakuna kinachourudisha waya isipokuwa springi, na springi hiyo si kali. Ni sawa na henza iliyonasa kwenye gofia: baharia ameshaachia kamba, lakini tanga bado liko juu.

Chumvi ya visiwa vyetu inafanya kazi yake hapo hapo. Upepo wa baharini unaileta hata kwa anayeishi mbali kidogo na ufukwe, unyevu wa masika unaiyeyusha, na maji hayo ya chumvi huingia ndani ya ganda la waya, yaani ule mrija unaoufunika, na kukaa. Waya unaweza kuonekana mweupe na safi sehemu zote za nje, huku sentimita chache zilizofichwa ndani ya ganda zikiwa zimeota kutu. Kipande kinachoathirika mapema zaidi ni lile ganda fupi la mwisho linalojikunja nyuma ya gurudumu, kwa sababu linapokea maji na mchanga wote unaorushwa na tairi, na mkunjo wake unayafanya maji yatuame.

Kwa hiyo, kabla hujachukua bisibisi, sikiliza baiskeli yako inalalamikia upande gani. Ikiwa mnyororo unapanda haraka kwenda sproketi kubwa lakini unachelewa kurudi kwenye ndogo, au unarudi baada ya kukanyaga mizunguko kadhaa, waya umekwama ndani ya ganda, na hakuna skrubu itakayoutibu. Ikiwa unachelewa kupanda lakini unashuka upesi, waya umelegea. Ikiwa unapanda upesi kupita kiasi na kuikwaruza sproketi inayofuata, waya umevutwa mno. Na ikiwa gia za upande mmoja ziko sawa huku za upande wa pili zikigoma, na kila unaporekebisha hizi zile zinaharibika, basi kwanza litazame sikio.

Sikio ni kile kipande cha fremu, chini kidogo ya mhimili, ambacho mkono wa gia umefungwa kwa skrubu nene. Liko upande wa kulia, na ndilo linaloumia baiskeli ikianguka upande huo, ikilazwa vibaya juu ya paa la gari au ikirundikiwa mizigo ndani ya boti kati ya Unguja na Pemba. Simama nyuma ya baiskeli, uiname mpaka macho yako yawe usawa wa gurudumu, kisha utazame vigurudumu vile viwili. Vinatakiwa kuwa katika mstari mmoja wa wima na sproketi iliyo juu yake. Ikiwa kile cha chini kimeinamia kwenye spoku, sikio limepinda, na hapo marekebisho mengine yote yasubiri.

Fremu ya chuma cha kawaida hunyooshwa, na mafundi wetu wana njia nzuri ya kufanya hivyo. Huuondoa mkono wa gia, huchukua gurudumu jengine la nyuma lenye mhimili wa milimita 10, huufunga mhimili huo ndani ya tundu la sikio, kisha hulinganisha magurudumu mawili yaliyosimama sambamba: nafasi kati ya rimu na rimu inatakiwa iwe sawa juu, chini, mbele na nyuma. Gurudumu la pili lenyewe linakuwa mpini wa kunyooshea. Fremu ya alumini inahitaji tahadhari kubwa, kwa kuwa alumini iliyokwisha kupinda inaweza kukatika inaporudishwa. Baadhi ya fremu hizo zina sikio la kufungua na kubadilisha, na ikiwa yako ni ya aina hiyo, badilisha.

Tuje sasa kwenye marekebisho yenyewe. Ning'iniza baiskeli kwenye boriti kwa kamba mbili badala ya kuipindua juu chini, ili uweze kukanyaga pedali kwa mkono mmoja na kuutazama mnyororo ukiwa katika hali yake ya kawaida. Hakikisha gurudumu la nyuma limekaa sawasawa kwenye fremu na nati zimekazwa.

Legeza kabisa nati inayobana waya, ili mkono wa gia ubaki na springi peke yake. Mnyororo utashuka kwenye sproketi ndogo kabisa. Ukitazama kutoka nyuma, kigurudumu cha juu kinatakiwa kiwe chini ya ukingo wa nje wa sproketi hiyo. Skrubu ya H ikikazwa hukisogeza ndani, ikilegezwa hukitoa nje. Izungushe robo mzunguko tu kila mara, kisha kanyaga pedali na usikilize. Halafu sukuma mkono wa gia kwa mkono wako huku ukikanyaga taratibu mpaka mnyororo upande sproketi kubwa kabisa. Hapo kigurudumu cha juu kiwe chini ya katikati ya sproketi hiyo, na hata ukisukuma kwa nguvu kisipite. Skrubu ya L ikikazwa hukizuia kuingia ndani zaidi. Tafadhali usiipuuze hatua hii. Mnyororo ukiingia kati ya sproketi na spoku wakati mtu anapanda mlima kwa nguvu zote, spoku hukatika, mkono wa gia hung'olewa pamoja na sikio lake, na mwendeshaji anaweza kuanguka mbele ya gari.

Baada ya mipaka kukaa sawa, rudi kwenye waya. Kishikio cha usukani kiweke kwenye kituo cha sproketi ndogo kabisa. Ile nati ya plastiki ambayo waya unapitia, unayoizungusha kwa vidole, ikaze mpaka mwisho kisha uirudishe mzunguko mmoja au miwili ili upate nafasi ya kurekebisha pande zote. Vuta waya kwa mkono mpaka ulegevu uishe, uulaze ndani ya mfereji wake, kisha ubane. Koleo lisitumike kuuvuta kwa nguvu, kwa sababu waya uliovutwa mno unaunyima mnyororo nafasi ya kushuka kwenye sproketi ya mwisho.

Sogeza kishikio kituo kimoja huku ukikanyaga. Mnyororo ukikataa kupanda sproketi ya pili, ilegeze nati ya vidole nusu mzunguko, ujaribu tena. Ukishapanda, endelea kuilegeza nati kidogo kidogo mpaka usikie mnyororo unaanza kuigusa sproketi ya tatu, kisha irudishe mpaka sauti hiyo ipotee. Hapo umepata mahali pake. Uzuri wa njia hii ni kwamba sikio lako mwenyewe, si la fremu, ndilo linaloamua, na sauti ya mnyororo unaokwaruza haimdanganyi mtu.

Kazi hii inahitaji subira kwa sababu vipimo vyake ni vidogo sana. Kwenye baiskeli ya sproketi saba, kutoka sproketi moja hadi nyengine ni kiasi cha milimita 5, na kila kituo cha kishikio huvuta waya kiasi cha milimita 3 tu. Waya ukikosewa kwa nusu milimita, mnyororo unakosea kwa karibu milimita nzima, na hiyo inatosha kuufanya uikwaruze sproketi ya jirani.

Wenye uzoefu wa baiskeli za mizigo na za shamba, naomba muongeze.

Mchangiaji wa Wete

Wa alaykumu salaam, kaka. Maelezo yako yamenigusa moja kwa moja. Nina baiskeli ya mtumba yenye gia saba nyuma na tatu mbele, na naitumia kila siku kwenda skuli ninakosomesha. Njia zetu za Pemba, kama unavyojua, ni vilima juu ya vilima, kwa hiyo gia si pambo. Tangu mvua za masika, mnyororo unapanda vizuri ninapoufuata mlima, lakini nikifika kileleni na kutaka kuongeza mwendo haushuki mpaka niupige teke mkono wa gia kwa kisigino. Waya nimeutazama, ni mweupe kabisa. Je, kuna namna ya kuuthibitisha ubovu kabla sijanunua mwengine? Na ganda la breki linaweza kutumika? Ndilo linalopatikana kwa urahisi huku.

Mwanzisha uzi (Unguja)

Ahsante, maalim. Dalili ulizozieleza ni za waya uliokwama, na uthibitisho wake hauhitaji kununua chochote. Uweke mnyororo kwenye sproketi kubwa ya nyuma huku gurudumu likizunguka, simamisha gurudumu, kisha bila kukanyaga pedali rudisha kishikio mpaka kituo cha sproketi ndogo. Mkono wa gia hautaweza kushuka kwa sababu mnyororo haujazunguka, kwa hiyo waya utalegea kabisa, na utaweza kuyachomoa maganda kwenye vishikizo vya fremu bila kufungua nati hata moja. Sasa lisogeze kila ganda mbele na nyuma juu ya waya. Linatakiwa kuteleza kwa uzito wa kidole. Likikwaruza au likigoma, hilo ndilo lenye ugonjwa, na nadhani litakuwa lile fupi la nyuma. Na wakati limesogezwa utaiona ile sehemu ya waya iliyokuwa imefichika.

Kuhusu ganda la breki, jibu langu ni hapana. Ganda la breki limetengenezwa kwa utepe wa chuma uliosokotwa duara kama springi, kwa hiyo hubonyea kidogo linapovutwa na hubadilisha urefu unapougeuza usukani. Kwa breki haidhuru, lakini kwa gia, ambako nusu milimita ni kosa, linazivuruga kila ukikata kona. Ganda la gia lina nyaya nyembamba zilizolala kwa urefu wake, ndiyo maana halibonyei. Kinyume chake ni hatari zaidi: ganda la gia lisitumike kwenye breki, kwa sababu nyaya hizo zinaweza kupasua plastiki na kutoka nje unapobana breki kwa nguvu, na kwa vilima vya Pemba sihitaji kueleza matokeo yake.

Ukilikata ganda jipya, mwisho wake huwa umebanwa na koleo. Usawazishe kwa tupa mpaka uwe bapa, zibua tundu la plastiki kwa ncha ya spoku iliyochongwa, kisha uvike kofia yake ya chuma au plastiki. Ganda lisilo na kofia huzama polepole ndani ya kishikizo, na gia zitapotea tena baada ya muda mfupi.

Mchangiaji wa Jambiani

Naomba niulize kuhusu mafuta, maana huku kwetu mchanga mweupe unaingia kila mahali, na wengi wetu tunapita ufukweni maji yakitoka kwa sababu mchanga wake huwa mgumu na njia ni fupi. Mimi hutumia oili chafu ya pikipiki. Mzee mmoja jirani yangu hutumia mafuta ya kupikia. Mnyororo unanyamaza siku ya kwanza, siku ya pili unalia zaidi kuliko mwanzo.

Mwanzisha uzi (Unguja)

Oili chafu imeshabeba masizi na chembe za chuma kutoka kwenye injini, kwa hiyo unapoipaka unaupaka mnyororo kitu kinachousaga. Mafuta ya kupikia, kwa heshima zote kwa mzee wetu, hukauka hewani na kugeuka gundi, na gundi hiyo huushika mchanga. Ikiwa huna mafuta ya mnyororo, oili nyepesi ya cherehani ni bora zaidi, ingawa utalazimika kuirudia mara kwa mara.

Muhimu ni mahali mafuta yanapokwenda. Yanatakiwa kuingia ndani ya vile viviringo vidogo vya mnyororo, tone moja kwa kila kimoja, kisha upande wa nje wote ufutwe kwa kitambaa mpaka uonekane kama haukupakwa kitu. Mafuta yaliyobaki nje hayalainishi chochote, yanakusanya mchanga. Na mtu aliyepita ufukweni aimwagie baiskeli maji baridi (yasiyo na chumvi) siku ile ile, bila kuyaelekeza kwa kasi kwenye mihimili, aikaushe, ndipo apake. Kupaka mafuta juu ya maji ya chumvi ni kuifungia chumvi ndani. Usivisahau na vile vigurudumu viwili vya mkono wa gia. Vikikauka hulia, na vikijaa uchafu mweusi mnyororo hautulii mahali pamoja hata kama waya ni mpya.

Fundi wa Mwanakwerekwe

Mwanzisha uzi ameeleza vizuri, lakini mimi ningeweka jambo jengine mbele ya yote hayo. Baiskeli nyingi zinazoletwa kwangu kwa madai kwamba "gia zinaruka" hazina tatizo la kubadili gia. Zinaruka wakati mtu amekaa kwenye gia moja na anakanyaga kwa nguvu. Huo ni mnyororo uliochakaa au sproketi zilizoliwa, na unaweza kunyoosha sikio na kubadilisha waya siku nzima bila kupata nafuu. Mimi humuuliza mteja kwanza: inaruka unapobadilisha, au inaruka unapokanyaga? Jibu hilo linanipunguzia nusu ya kazi.

Mwanzisha uzi (Unguja)

Fundi, nakubaliana nawe kabisa, na swali lako litangulie dalili zote nilizoziandika juu. Niongeze kipimo ambacho kila mtu anaweza kukifanya nyumbani kwa rula ya skuli. Kutoka pini moja ya mnyororo hadi inayofuata ni nusu inchi, yaani milimita 12.7, na kipimo hicho ni kimoja kwa takriban baiskeli zote za gia. Pima kutoka katikati ya pini moja, hesabu nafasi 24, usome kwenye katikati ya pini ya mwisho. Mnyororo mpya utasoma inchi 12 kamili, ambazo ni milimita 304.8. Ukikaribia milimita 306.5, wakati wa kuubadilisha umefika, na sproketi bado zinaweza kusalimika. Ukifika milimita 308, kwa kawaida sproketi nazo zimeshaliwa kufuata mnyororo, na mnyororo mpya utaruka juu ya sproketi hizo za zamani. Hapo inabidi kubadilisha vyote pamoja, na gharama inaongezeka. Kwa anayebeba ndoo za samaki au magunia ya karafuu, mnyororo unamalizika mapema zaidi, kwa hiyo apime mapema zaidi.

Mchangiaji wa Chake Chake

Baiskeli yangu ni ya zamani, kishikio chake hakina vituo, kinateleza tu. Fundi mmoja aliniambia nibadilishe kishikio niweke cha vituo sita alichokuwa nacho, lakini nyuma nina sproketi saba. Itafaa?

Mwanzisha uzi (Unguja)

Haitafaa, ndugu yangu. Sproketi sita zimeachana kwa kiasi cha milimita 5.5 na saba kwa milimita 5, kwa hiyo kila kituo kitakuwa kinavuta zaidi kidogo ya inavyotakiwa, na makosa yatajumlishwa kadiri unavyopanda. Utazipata gia mbili za mwanzo tu. Ushauri wangu ni kwamba ubaki na kishikio chako. Kabla ya kampuni ya Shimano ya Japani kuleta mfumo wake wa vituo mwaka 1984, waendeshaji wengi duniani walizipata gia kwa kusikiliza na kusogeza kidogo, na kishikio cha namna hiyo kina faida kubwa kwa mazingira yetu: sikio likipinda kidogo au waya ukilegea, mkono wako unafidia. Unachohitaji ni mipaka ya H na L iliyo sahihi, na skrubu ya kishikio iliyokazwa kiasi cha kuishinda springi ili gia isijirudie yenyewe.

Mchangiaji wa Wete

Nimerudi kutoa taarifa. Ganda fupi la nyuma halikusogea kabisa, na waya uliokuwa ndani yake ulikuwa mwekundu. Nimepata ganda la gia Chake Chake na waya mpya, nikafuata hatua zote. Mnyororo unashuka bila teke. Limebaki jambo moja: kwenye sproketi kubwa kabisa kuna mngurumo, na hauondoki nikiizungusha nati ya vidole.

Mwanzisha uzi (Unguja)

Alhamdulillah. Mngurumo huo kwenye sproketi kubwa peke yake mara nyingi unatokana na kigurudumu cha juu kuwa karibu mno na meno yake. Nyuma ya mkono wa gia, pale unapoungana na sikio, kuna skrubu ya tatu inayoegemea fremu. Ukiikaza, kigurudumu kinashuka mbali na sproketi. Weka mnyororo kwenye sproketi ndogo ya mbele na kubwa ya nyuma, kisha uache nafasi ya milimita 5 au 6 kati ya meno na kigurudumu. Usizidishe, maana kikiwa mbali sana gia zote zitakuwa nzito kuingia. Kama ulikuwa unausikiliza ukiwa kwenye sproketi kubwa ya mbele pia, mnyororo umekaa mshazari, na kelele hiyo haina tiba zaidi ya kuiepuka gia hiyo.

Jengine ni kwamba waya mpya utaonekana kama umelegea baada ya siku chache za kutumika, kwa sababu maganda na kofia zake yanakuwa yamekaa mahali pake. Usifungue chochote. Ilegeze nati ya vidole nusu mzunguko. Na unapokaribia kilima, badilisha gia kabla pedali hazijawa nzito, huku ukipunguza nguvu ya miguu kwa mzunguko mmoja mnyororo unapohama.

Mchangiaji wa Wete

Ilikuwa ni hiyo skrubu ya tatu. Nimeacha milimita 6 na mngurumo umeondoka. Ahsante sana, kaka, na ahsante kwa fundi pia: mnyororo wangu umesoma 306, kwa hiyo nimeshaagiza mwengine.